Kinati cha Kava ya Pikipiki Kinazunguka na Bolti: Namna ya Kukirudisha Kikae

Unafungua kava ya pembeni ucheki betri au ubadilishe plagi, bolti ya kwanza imetoka, ya pili imetoka, ya tatu unazungusha tu, inazunguka inazunguka, haitoki wala haikazi. Ukiinama ukachungulia kwa nyuma unakuta kile kinati cha shaba kilichozamishwa kwenye plastiki kinazunguka pamoja na bolti kama vile wameoana. Wengi hapo wanachukua plaizi wanavuta kwa hasira, kipande cha plastiki kinabaki mkononi, na kazi ya nusu saa inageuka kazi ya siku mbili. Tulia kwanza. Hii kitu inatengenezeka, ila kuna mambo lazima uyajue kabla hujagusa gundi yoyote.

Tuelewane majina. Kinati ni ile silinda fupi ya shaba yenye thredi kwa ndani na mikwaruzo kwa nje. Kikombe ni ule mwinuko wa plastiki nyuma ya kava ambao kinati kinakaa ndani yake. Kiwandani hakuna gundi iliyowekwa hapo, kinati kiliingizwa kikiwa cha moto au plastiki ilimiminwa kukizunguka, ikaingia kwenye ile mikwaruzo ikaganda, basi, ndo kinachokishika. Siku kinapozunguka mara ya kwanza yale meno ya plastiki yananyolewa, tundu linakuwa la mviringo na laini kama mdomo wa chupa, na kuanzia hapo hakuna cha kushikana nacho tena. Ndo maana kudondoshea supagluu kwa juu hakusaidii, inakaa juu tu, kinati kiko palepale kinaelea.

Kwanza ujue kwa nini kimelegea

Watu wanaruka hapa halafu baada ya mwezi wanarudi kulalamika. Kinati hakilegei bila sababu, kuna nguvu ilikizidi, na usipoijua hiyo nguvu itakizidi tena hata ukikigandisha na nini.

Sababu ninayoikuta sana ni bolti ndefu kuliko inavyotakiwa. Kava moja inaweza kuwa na bolti za urefu tofauti, mwenye pikipiki au fundi akazichanganya, ile ndefu ikaenda kwenye kikombe kifupi. Ncha inafika chini inagonga plastiki, we unadhani bado haijakaza kwa sababu kava bado inacheza, unaongeza, na kwa vile bolti haina pa kwenda thredi zinakivuta kinati kuja juu. Yaani umetengeneza jeki bila kujua. Ukikuta kinati kimetoka milimita moja au mbili juu ya kikombe, mshukiwa wa kwanza ni urefu wa bolti.

Ya pili ni kutu. Bolti ni ya chuma, kinati ni shaba, maji yakiingia katikati yao chuma ndo kinaliwa, kinavimba kinang'ang'ania. Siku ya kufungua, bolti na kinati wanashikana kuliko kinati na plastiki, kwa hiyo plastiki ndo inaachia. Ya tatu ni raba zilizopotea: zile raba za mviringo na vibomba vifupi vya chuma vinavyokaa kwenye tundu la kava vina kazi, vinameza mtikisiko na vinazuia bolti isiminye plastiki moja kwa moja, ukizitupa mtikisiko wote wa injini unaishia kwenye kinati. Ya nne ni kava kuvutwa kwa nguvu ikae sawa, labda pikipiki iliwahi kuanguka na breketi imepinda kidogo, mtu anaingiza bolti kwa kulazimisha na tangu siku hiyo kinati kinavutwa upande mmoja saa zote. Ya tano haina haja ya maelezo, kukaza kama unakaza nati ya gurudumu.

Vifaa

Elki (ule ufunguo wa pembe sita uliopinda) au bisibisi inayokaa sawasawa na kichwa cha bolti, plaizi ya kujifunga ile inayong'ata ikabaki, msasa namba 80 na 120, tupa ndogo, drili ya spidi ndogo au hata biti ukiishika kwa mkono, spiriti ya kusafishia, epoksi, yaani gundi ya tyubu mbili za kuchanganya, ile ya kuganda polepole, chuma cha kulehemu cha mafundi redio, mshumaa, vijiti vya meno, tepu ya karatasi. Venia, kile kipimo cha unene, ukiwa nayo ni raha, huna basi rula na macho. Glovu na miwani usiache, na kazi ya kuyeyusha plastiki fanyia nje penye hewa, moshi wa ABS, ile plastiki ya kava nyingi, unawasha macho na si mzuri kifuani. Asetoni, kile kimiminika cha kuyeyushia ABS, inashika moto haraka sana, iwe mbali na chuma cha moto na mbali na tanki la petroli.

Kuitoa bolti iliyogoma

Kabla ya kugusa chochote piga picha, halafu chukua kipande cha boksi uchore umbo la kava na kila bolti ukiitoa uichomeke mahali pake kwenye boksi. Utanishukuru wakati wa kurudisha.

Bolti inayozunguka na kinati, jaribu hivi kwa mfuatano, ukianza na kisicho na madhara. Ingiza bisibisi bapa nyembamba chini ya kichwa cha bolti au katikati ya kava na breketi, inyanyue kidogo kama unaivuta itoke, huku mkono mwingine unazungusha kufungua. Ule mvuto mara nyingi unakibana kinati kwenye ukuta wa kikombe na bolti inaachia. Weka tepu chini ya bisibisi usichubue rangi. Ikikataa, fika kwa nyuma: kama kinati kina kola, yaani ukingo mpana, au kimechomoza, kishike na plaizi ya kujifunga halafu zungusha bolti kwa mbele. Kikiwa cha mviringo kinateleza, pitisha tupa upande huu na upande ule upate pande mbili bapa za kushika.

Mafuta ya kulegeza kutu yanasaidia ila weka tone moja kwa kijiti, penye thredi tu, halafu subiri. Usimwage. Baadhi ya mafuta yanailainisha plastiki au kuipasua taratibu, na mbaya zaidi yanaingia kwenye tundu ambalo baadaye unataka gundi ishike.

Vyote vikishindikana, kata kichwa cha bolti. Ukiwa na kijigurudumu cha kukatia kata hapohapo, au toboa kichwa kwa biti yenye unene sawa na shina la bolti mpaka kichwa kidondoke, kava itoke, kinati ushughulike nacho ukiwa mezani. Toboa kidogo pumzika, toboa kidogo pumzika, maana bolti ikipata moto kinati kinapata moto na kikombe kinayeyuka ukiangalia.

Jua ni plastiki gani

Geuza kava utafute maandishi madogo yaliyochongwa kwa nyuma, kama >ABS< au >PP< au >PC/ABS< au >PA<. Kava nyingi zilizopakwa rangi ni ABS. Zile nyeusi zisizopakwa, za chini ya siti, za ndani, na baadhi ya madigadi, mara nyingi ni PP. Hapa ndo kazi inagawanyika, ABS inashika epoksi vizuri na inayeyuka kwa asetoni, PP haishiki karibu gundi yoyote ya kawaida, epoksi itaganda vizuri kabisa halafu siku moja itabanduka nzima kama ganda la yai.

Maandishi yakiwa yamefutika, kwangua kijipande kutoka sehemu isiyoonekana ukitupe kwenye maji: PP inaelea, ABS inazama. Au gusisha tone la asetoni kwa nyuma, ABS inanata kwenye kidole cha glovu, PP haijali. Usijaribu upande wenye rangi na usijaribu kabisa kwenye kioo cha mbele, kile ni plastiki nyingine na asetoni inakiharibu palepale.

Sasa tazama kikombe chenyewe

Safisha kwa maji na sabuni, kausha, futa na spiriti. Petroli na thina achana nazo, zinaila ABS. Mwanga mzuri, halafu angalia. Kikombe kizima na tundu limelegea kidogo tu? Tundu limepanuka, kinati kinacheza kama jino la mtoto? Kikombe kimepasuka ubavuni? Au kikombe hakipo kabisa, kimebaki kidonda? Kila hali ina njia yake.

Kuna hali moja inawachanganya watu: kinati hakizunguki ila bolti haikazi, ukikaza inaruka. Hiyo ni thredi imeliwa, kinati chenyewe kiko salama kwenye plastiki. Hapo unakitoa kwa kukipasha moto unaweka kingine, au unatumia nati za njia ya mwisho nitakayoeleza, epoksi huihitaji.

Njia ya kwanza: epoksi, kikombe kikiwa kizima

Hii ndo naipenda kwa kazi nyingi, haitaki ufundi wa moto na inakupa muda wa kurekebisha.

Kitoe kinati. Kwa nje kipitishie tupa au msumeno wa chuma, chora mifereji miwili mitatu ya kukizunguka na mingine minne ya kushuka chini. Ya kuzunguka inazuia kisivutike kutoka, ya kushuka inazuia kisizunguke, unataka zote mbili. Loweka kwenye spiriti, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha, na kuanzia hapo usikiguse kwa kidole, mafuta ya kidole ni adui.

Kwenye kikombe, kwangua kuta za ndani kwa msasa uliokunjwa kwenye kijiti mpaka ule mng'ao uishe wote. Halafu kuna ujanja huu ambao kwangu ndo umebadilisha kila kitu: chukua biti ndogo ya milimita 1 hadi 1.5, uishike kwa mkono, toboa vishimo vitatu vinne kwenye ukuta wa ndani wa kikombe ukilalia pembeni, usitokeze upande wa pili. Epoksi itaingia mle ikiganda inakuwa kama misumari midogo. Kikombe kikiwa chembamba sana usifanye hivyo, kwangua tu kwa nguvu zaidi.

Linda thredi. Chukua bolti safi yenye urefu sahihi, ipake nta ya mshumaa au grisi kidogo sana, iingize kwenye kinati mpaka ncha itokeze chini kwa nusu milimita hivi. Hii inaziba tundu la chini epoksi isipande kwenye thredi, na inakuwa mpini wako. Mi mara ya kwanza niliruka hatua hii, nikajisifu kinati kimeshika kama jiwe, kweli kilishika, na bolti ilishika humohumo, nikaishia kukata kichwa cha bolti ileile niliyokuwa naiokoa.

Changanya epoksi sawa kwa sawa, koroga dakika nzima na zaidi, ile iliyokorogwa haraka haraka inabaki na sehemu laini. Tumia ya polepole, yenye unga wa chuma ndani yake ikipatikana. J-B Weld ya kawaida kwa mfano inaanza kuganda ndani ya saa 4 hadi 6 na inakomaa baada ya saa 15 hadi 24. Ya dakika tano inavutia lakini ni dhaifu zaidi na joto linailainisha, na kava nyingi ziko jirani na rejeta au ekzosi. Supagluu na magadi ya kupikia inaganda papo hapo, ngumu kweli ila inavunjika kwa mtikisiko, tumia kushikilia vipande vikae mahali pake tu, sio kubeba mzigo.

Paka epoksi kwenye kuta za kikombe kwa kijiti, chini usijaze, ukijaza chini kinati kinafanya kazi ya pampu na epoksi yote inapanda juu. Paka na kinati kwenye mifereji. Kiingize polepole ukizungusha kidogo hewa itoke, mpaka uso wake uwe sawasawa na mdomo wa kikombe. Sawasawa, sio chini yake. Kinati kikizama ndani, kila ukikaza bolti inakivuta kije juu, ila kikiwa sawa na mdomo breketi inakikalia kichwani na hakina pa kwenda.

Sasa namna ya kukiweka wima. Kama nafasi inaruhusu, rudisha kava kwenye pikipiki epoksi ikiwa bado mbichi, bolti zingine zote zikae mahali pake, hii yenye epoksi uipitishe kwenye tundu lake na uikaze kwa vidole tu, mpaka iguse. Inaganda ikiwa mahali haswa inapotakiwa kuwa, hakuna tena kuhangaika kwamba tundu limepishana milimita mbili. Weka kipande cha nailoni chenye tundu katikati ya kinati na breketi, epoksi iliyochuruzika isigandishe kava kwenye breketi. Baada ya saa 6 hivi izungushe bolti robo tu kurudi nyuma kuvunja nta, iache hapohapo, subiri siku nzima ndo uitoe. Najua inauma kungoja. Ngoja.

Njia ya pili: kurudisha kwa moto

Inafaa kwa ABS na PP pia, na ndo inayofanana na ya kiwandani. Sharti lake ni moja, lazima kuwe na plastiki ya kutosha ya kuyeyuka. Tundu likishapanuka kuzidi kinati, kukipasha moto kukiingiza ni bure, kitaelea vilevile.

Kwa hiyo kwanza jaza tundu. Kwenye ABS unatengeneza uji: vipande vya ABS vilivyokatwakatwa vidogo, kutoka kava iliyovunjika ya aina hiyohiyo ikiwezekana, kwenye chupa ya glasi na asetoni ya kufunika tu, funga, acha usiku kucha, inakuwa uji mzito. Hata vitofali vya LEGO vinafaa, tangu 1963 vinatengenezwa kwa ABS, ila omba ruhusa kwa mwenyewe. Paka uji tabaka jembamba, acha likauke, paka jingine. Ukijaza kwa mkupuo mmoja juu inakauka, ndani inabaki laini wiki nzima na ikikauka inajikunja. Na usiweke asetoni nyingi nyuma ya sehemu yenye rangi, inapenya inalainisha kava mpaka alama inaonekana kwa mbele. Baada ya tabaka la mwisho ipe siku mbili au zaidi.

PP haina uji. Hiyo unaijaza kwa kuyeyusha fimbo ya PP na chuma cha moto, ukikandamiza na kuchanganya na plastiki ya kikombe, sio kuipaka juu kama siagi.

Ikishakuwa ngumu toboa tundu jipya dogo kidogo kuliko unene wa nje wa kinati. Pima kinati kwa venia, kikiwa milimita 7 anza na biti ya 6 au 6.3, ujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Tundu liwe refu kuliko kinati kwa milimita mbili hivi, plastiki iliyoyeyuka ipate pa kwenda na ncha ya bolti isigonge chini.

Funga bolti ndefu ya zamani kwenye kinati, ielekeze wima kwenye tundu, gusisha chuma cha kulehemu kwenye kinati penyewe ukiweza, au kwenye bolti karibu na kinati. Kama chuma chako kinapimika joto, nyuzi 220 hadi 250 zinatosha kwa ABS. Usisukume. Subiri mpaka uhisi kinati kinaanza kushuka chenyewe kwa uzito wa mkono, kikishuka robo tatu ondoa joto, na hiyo iliyobaki malizia kwa kukandamiza na kipande bapa cha chuma baridi, kinakaa sawa na mdomo na kinapoa papo hapo. Shika wima mpaka igande, angalia kutoka pande mbili sio moja. Acha ipoe dakika kumi kabla ya kufungua bolti. Watu wanaokosea hapa wanakosea kwa haraka, wanasukuma plastiki ikiwa nusu ngumu, kinati kinaingia kimelala, na kinati kilicholala kinakula thredi za kila bolti utakayoweka.

Na kama kikombe kimepitiliza, yaani kiko wazi mbele na nyuma, una bahati. Tafuta kinati chenye kola ukiingize kutokea upande wa nyuma, upande ulio kinyume na kichwa cha bolti. Hapo bolti ikikazwa inazidi kukivuta kinati ndani ya plastiki badala ya kukitoa.

Kikombe kilichopasuka au kung'oka

Ufa wa ubavuni, ufungue kidogo kwa ncha ya kisu, ingiza epoksi au uji wa ABS, ubane ukae, halafu jenga mkanda. Chukua uzi wa pamba, uloweshe kwenye epoksi, uzungushie kikombe kwa nje mizunguko kumi na zaidi ukiubana, kama unavyofunga mpini wa jembe uliopasuka. Ukiganda ni mkanda mgumu ambao ukuta hauwezi kuachama tena. Penye nafasi, pete iliyokatwa kwenye bomba la alumini inayovaa kikombe kwa kubana kidogo, ikigandishwa na epoksi, inafanya kazi hiyohiyo. Mkanda kwanza, kinati baadaye, maana ukiingiza kinati kwenye kikombe chenye ufa unaupanua tu.

Kikombe kikiwa kimeng'oka na unacho mkononi, rudisha kwa asetoni au uji kikae, kisha jenga shina lake kwa kuzunguka pale chini kinapokutana na kava, maana ndo panapovunjikia tena. Kizamishie vipande vya wavu mwembamba wa chuma cha pua kwa kuvisukuma na chuma cha moto viingie nusu kwenye kava nusu kwenye kikombe, funika na plastiki. Angalia unene wa kava lakini, ukizamisha sana rangi ya mbele inatoa malengelenge. Na kama kikombe kimepotea, tengeneza kingine kwa kipande cha bomba la ABS au epoksi ya udongo ile ya kukanda, ukikisimamisha kava ikiwa imefungwa kwenye pikipiki ili tundu lilingane.

Wakati mwingine acha vinati kabisa

Ninawaambia watu hivi na hawapendi kusikia: si kila kinati kinastahili kuokolewa. Kwenye PP, au kikombe kilichotengenezwa mara tatu, weka kitu kingine. Nati ya klipu, ile ya bati inayovaa ukingo wa plastiki kama kibanio, haijali plastiki ni ya aina gani, inachotaka ni ukingo wa karibu na tundu. Nati ya raba, ile silinda ya raba yenye nati ya shaba ndani, unatoboa tundu la unene wake, unaiingiza, ukikaza bolti inavimba kwa nyuma inajibana, na inameza mtikisiko vizuri mno. Inataka nafasi nyuma yake tu. Zile nati za kupigwa na mashine ya riveti usiziweke kwenye plastiki tupu, zinapanuka kwa nguvu na plastiki inapasuka, labda uweke washa ya chuma kwa nyuma.

Kurudisha kava

Angalia bolti kwanza. Nyingi ni M5, yaani unene wa milimita 5, yenye hatua (nafasi kati ya thredi na thredi) ya milimita 0.8, au M6 yenye hatua ya 1.0, na zote mbili ziingie kwa vidole mpaka mwisho bila kifaa. Ikigoma kwenye mzunguko wa pili, toa, usilazimishe, imeingia upande au kuna epoksi kwenye thredi. Pima urefu: chomeka kijiti kwenye kinati mpaka chini, weka alama, linganisha na bolti ikiwa imepita kwenye breketi, washa na raba zake, ncha ibakize milimita moja au mbili isiguse chini. Ikigusa, kata au weka fupi.

Tabaka jembamba la grisi kwenye thredi linazuia ile kutu. Gundi ya kufunga thredi usiitumie hapa hata kama umeizoea kwenye injini, ikichuruzika kwenye ABS inaipasua polepole, nyufa ndogondogo kama za kikombe cha chai cha zamani.

Weka bolti zote kwa mizunguko miwili mitatu tu kwanza, kava ikiwa imejikalia kwenye raba na vishikizo vyake. Tundu likipishana na kinati usiivute kava kwa bolti, tafuta kilichopinda, mara nyingi ni breketi, inyooshe. Ndo ukaze, ukianzia katikati kwenda pembeni. M6 kwenye chuma cha injini inakazwa kama Nm 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), hiyo namba isahau kabisa hapa, fuata kitabu cha pikipiki yako na usipokuwa nacho shika elki kwa mkono wake mfupi, vidole viwili, ikigusa ongeza robo mzunguko basi.

Baada ya wiki ya kuendesha pita kila bolti kwa vidole viwili vilevile. Iliyolegea usiikaze tu ukaondoka, chungulia raba yake ipo au imeliwa. Na lile boksi ulilochomeka bolti, andika urefu wa kila moja pembeni ya tundu lake halafu ulihifadhi, kava itafunguliwa tena na si lazima uwe wewe utakayeifungua.